Daftari Safi Mno

Mimi si mwepesi wa kushukuru. Mama yangu, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko sindano zake, husema nilizaliwa nimenuna na mkunga akaniomba radhi. Kwa hiyo nikisema kuna mzee mmoja, mtunza stoo, ambaye namshukuru kila ninapoamka, naomba mniamini. Siku yenyewe aliponiita sikumshukuru. Nilimchukia mpaka masikio yakapata moto.

Tulimwita Babu Raba. Alitunza stoo ya vifaa ya idara ya upimaji ardhi pale chuoni, mzee mfupi, mkavu, mwenye mguu mmoja mbovu na miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea viatu. Asubuhi alitugawia vifaa kupitia dirisha la stoo, jioni alivipokea, na kabla daftari la uwandani halijapelekwa kwa mhadhiri lilipita kwanza mikononi mwake. Jina alilipata kwa tabia moja. Hakumpa mwanafunzi mashine mpaka atoe kila kilichomo mfukoni, na akikuta raba ya kufutia aliichukua na haikurudi tena. Ndani alikuwa na ndoo nzima ya raba, nyeupe, za rangi mbili, zilizokatwa nusu, na moja yenye umbo la nanasi ambayo mwenyewe hakujitokeza kuidai kwa aibu.

Maana katika kazi yetu hakuna kufuta. Namba ukishaiandika uwandani, imeandikwa. Ukikosea unaikata kwa mstari mmoja mwembamba, ili mtu mwingine bado aweze kuisoma, halafu unaandika iliyo sahihi juu yake. Anayefuta huenda anaficha kitu, na watakaopita juu ya daraja lililojengwa kwa namba zake hawatajua walifichwa nini. Babu Raba alilisimamia jambo hilo kwa ukali wa mtu anayelinda mlango wa benki, nasi tulimcheka sana nyuma ya mgongo wake.

Muhula wa mwisho kikundi chetu kilikuwa cha watu watatu. Mimi nilisoma mashine, ile darubini ndogo inayokaa juu ya stendi ya miguu mitatu. Msichana niliyekaa naye chumba kimoja bwenini alishika mti wa vipimo, ule ubao mrefu wenye namba unaosimamishwa mbele ya darubini. Tulimwita Mlingoti, kwa urefu wake. Wa tatu alikuwa mwandishi wetu, kijana mpole tuliyemwita Mwangwi. Sheria inasema msomaji akitaja namba, mwandishi airudie kwa sauti kabla ya kuiandika, na yule kijana aliishika sheria hiyo mpaka ikamkaa mwilini. Ukimwambia una njaa, anasema, "Una njaa," halafu ndipo anafikiria.

Tulipewa mstari mmoja. Tuanze kwenye alama ya zege mlangoni pa maktaba, tupande kilima tukipima vimo hatua kwa hatua mpaka kwenye tangi la maji la chuo, kisha turudi kwa njia nyingine hadi pale pale mlangoni. Ukirudi, hesabu zako zinatakiwa zikuambie umerudi kwenye kimo kile kile ulichoanzia. Zikipishana kwa milimita chache, sawa, binadamu ni binadamu. Zikizidi hapo, mstari haujafunga. Na mstari usipofunga mpaka siku ya mwisho, kikundi kizima hakihitimu.

Sasa, usingizi. Ulinihama mwaka ule bila kuaga. Hakukuwa na msiba wala mapenzi, labda hofu tu ya mtu ambaye nyumbani ameshaanza kuitwa mhandisi kabla hajawa. Nilikuwa nalala chali nikisikiliza Mlingoti akikoroma, na nikimwonea wivu kila mkoromo.

Bwenini kwetu dawa haikuwa mbali. Vidonge vya usingizi vilizunguka vyumbani kama peremende, na sisi tuliviita zima-taa. Msichana mmoja wa ghorofa ya juu ndiye aliyevileta, vimefungwa kwenye vipande vya karatasi, bila jina, bila maelezo, na hakuna aliyeuliza vilitoka wapi. Karibu na mitihani ungesikia watu wakiulizana milangoni, "Umezima?" kama watu wa nyumba nyingine wanavyoulizana kama wamekula. Kahawa ya kusomea, kidonge cha kulalia, kahawa ya kuamkia. Tulijiona wajanja kweli kweli.

Kidonge cha kwanza, sitadanganya, nusura nikipigie magoti. Nililala, nikaamka, dunia ikawa nzuri. Baada ya mwezi kimoja hakikutosha, nikaongeza. Nilijiahidi kuacha mstari ukifunga. Mlingoti alinigusia mara moja tu.

"Dada, hivi vitu unavimeza kila siku sasa."

"Wewe shika mti," nikamwambia. Hakugusia tena.

Asubuhi nilitembea, niliongea, nilibeba stendi begani na watu hawakuona tofauti. Ila kichwa chenyewe kilinifuata baadaye, mnamo saa tano. Kabla ya hapo nilikuwa nasoma moja naiona mbili. Nikisema mbili, Mwangwi anarudia mbili, anaandika mbili. Mara nyingine nilishtuka, nikarudi kwenye darubini, naye akakata na kuandika upya. Mara nyingine sikushtuka. Tulipofunga mstari mara ya kwanza tulikuwa tumekosea kwa mita nzima na zaidi. Kwa mujibu wa hesabu zetu mlango wa maktaba ulikuwa umepanda hewani tangu asubuhi. Mara ya pili tukakosea kwa sentimita arobaini. Mwangwi akasema labda mashine ni mbovu. Nilikubaliana naye haraka mno, na ndani ya nafsi yangu niliujua uharaka ule.

Zikabaki siku mbili. Hapo nikafanya jambo ambalo hata leo kulisema kunanichoma. Nilikwenda dirishani nikamwambia Babu Raba kwamba daftari letu limeanguka kwenye maji, akanipa jipya. Nikakaa maktaba mchana kutwa nikinakili kila ukurasa kwa mwandiko safi, na pale namba zilipokataa kufunga, nilizifundisha adabu. Milimita hapa, sentimita kule, mpaka mstari ukafunga kwa tofauti ya milimita tatu. Nilipokuwa nanakili nilikutana na ukurasa wa kumi na saba, ambao haukuwa na mwandiko wa Mwangwi. Ulikuwa na mwandiko wangu. Nikadhani ni mazoezi ya siku za mwanzo, nikauruka.

Wenzangu niliwaambia nimegundua makosa ya kujumlisha. Mlingoti akanikumbatia. Mwangwi akasema, "Umegundua makosa ya kujumlisha," halafu akafikiria. Daftari la zamani sikulichana. Nilikuwa nimefundwa vizuri kiasi cha kushindwa kulichana, kwa hiyo nililiweka chini ya godoro.

Jioni ile dirishani kulikuwa na msongamano, kila kikundi kinarudisha vifaa na kila mtu anataka sahihi. Babu Raba alifunua kurasa mbili tatu, akagonga muhuri wa ukaguzi, akasaini, akanirudishia ili nilipeleke kwa mhadhiri keshoye kabla ya saa kumi jioni.

Asubuhi yake Mlingoti alinitikisa kwa nguvu. "Amka. Babu Raba anakuita, uende na daftari."

Kwa mara ya kwanza tangu nianze chuo alinifungulia mlango badala ya dirisha. Ndani kulinukia mafuta ya mashine na turubai kavu. Masanduku ya njano yalipangwa kwenye rafu, kila moja na namba yake, na katikati palikuwa na meza na benchi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kaa." Alilipokea daftari, akalifunua polepole, ukurasa baada ya ukurasa. "Daftari zuri sana hili."

"Ahsante."

"Sijakusifu. Nimekagua madaftari humu tangu hujazaliwa, na sijapata kuona kurasa arobaini zisizo na mkato hata mmoja. Mimi mwenyewe siwezi. Halina vumbi, halina jasho, halina alama ya dole gumba. Mlipimia wapi, peponi?"

Nikatazama ndoo ya raba.

"Nililala na jambo hili," akasema. "Niletee lile lililoanguka kwenye maji."

"Babu, liliharibika."

"Niletee likiwa limeharibika."

Ningeweza kusema nimelitupa. Maneno nilikuwa nayo tayari mdomoni. Lakini alivua miwani, akaifuta kwa shati, akasema kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu, ningetaka ufukuzwe ningekwenda kwa mkuu wa idara, nisingekuita wewe. Nataka kuona tu." Nikaenda bwenini nikimtukana njia nzima, nikainua godoro, nikarudi nalo.

Alilisoma nusu saa nzima huku mimi nimekaa kwenye benchi. Kila alipokuta mkato alichomeka kipande cha karatasi. Alipomaliza, akanigeuzia.

"Mwenzako huandika saa kila mnapohamisha mashine. Tazama. Mikato yote hii ni kabla ya saa tano asubuhi. Kuanzia saa sita mpaka jioni, hakuna. Halafu siku hizi mbili, hakuna asubuhi wala jioni."

Siku zile mbili nilizijua. Yule msichana wa ghorofa ya juu alikuwa amesafiri na bweni zima halikuwa na kidonge.

"Daftari la mlevi nalijua," Babu Raba akaendelea. "La mwenye mapenzi mapya nalijua, huyo hukosea kutwa. Hili silijui. Asubuhi wewe unakuwa wapi?"

"Si niko hapa hapa," nikajibu, kwa ukorofi ambao ningeutoa kwa mama ningelala nje.

Hakukasirika. Akafunua ukurasa wa kumi na saba. "Na hapa ulikuwa wapi?"

"Hayo mazoezi ya zamani."

"Soma tarehe."

Tarehe ilikuwa ya Alhamisi ya wiki iliyopita. Saa iliyoandikwa, kwa mwandiko wangu, ilikuwa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Kulikuwa na mchoro mdogo wa tangi la maji, alama ya mahali mashine iliposimama, na namba sita zilizopangwa vizuri.

Alhamisi ile niliikumbuka kwa jambo moja tu. Niliamka saa tatu, kitandani, nikiwa na viatu vyenye udongo, nikajicheka kwamba jana yake nilichoka mpaka nikasahau kuvivua.

"Ulikuja dirishani saa kumi na mbili na robo," Babu Raba akasema. "Ukanisalimia vizuri, ukaniulizia na mguu wangu. Nikajisemea, huyu mtoto leo ana bidii. Ukarudisha vifaa kabla ya saa mbili."

"Babu, mimi sikuja."

Akanisogezea kitabu cha kuazimia vifaa. Sahihi ilikuwa yangu, na kijimkia chake cha mwisho.

"Nani alikushikia mti?" akauliza.

Mlingoti haamki kabla ya saa moja hata nyumba ikiungua. Mwangwi analala bweni la wavulana upande wa pili wa uwanja. Nilitafuta kichwani Alhamisi ile, nikatafuta tena, na palipotakiwa kuwa na asubuhi hapakuwa na kitu chochote.

Babu Raba alifunga stoo. Wanafunzi waliokuwa dirishani wakalalamika, akawaambia wakalalamike kivulini. Tukapanda kilima, yeye na mguu wake, mimi na daftari la zamani kwapani. Tangi limejengwa likiwa nusu ndani ya kilima, na upande wa mbele kuna ukingo wa udongo, kisha ardhi inakatika ghafla mpaka kwenye paa la nyumba ya pampu, kimo cha ghorofa tatu. Mvua ilikuwa haijanyesha wiki mbili. Kwenye udongo palikuwa na matundu matatu ya miguu ya stendi, na kuyazunguka, nyayo za viatu vyangu. Kwenye bomba la tangi palikuwa na mchubuko mbichi. Kumbe Alhamisi ile niliuegemeza mti pale, nikarudi ukingoni, nikausoma, nikaandika namba. Namba zenyewe, alikuja kuzikagua Mwangwi baadaye, zilikuwa sahihi.

Babu Raba alipiga magoti kwa shida, akaweka kiganja kati ya tundu la nyuma na mwisho wa ardhi. Shubiri moja haikuenea. Na msomaji wa mashine, kama hamjui, huizunguka.

Nilikaa chini kwenye majani. Sikulia. Nilimwambia yote, zima-taa, kimoja kilivyokuwa viwili, na jambo ambalo nilikuwa sijalisema hata moyoni mwangu, kwamba kuna siku nilikuwa sikumbuki kama nimeshameza, basi nameza tena.

Alitazama paa la nyumba ya pampu, halafu akasema, "Nilikupa mashine kwa mkono wangu mwenyewe."

Hapo ndipo nilipolia.

Tulishuka moja kwa moja mpaka zahanati ya chuo. Njiani nilimwambia watanifukuza. Akasema, "Labda," akaendelea kutembea. Mlangoni aligoma kuingia. Alisema yeye ni mtunza stoo, hajui dawa, atakaa kwenye benchi, na nikitaka kutorokea dirisha la nyuma, huo mguu wake hautanifukuza. Niliingia kwa sababu ya benchi lile. Nilijua yupo.

Daktari alikuwa dada mwenye macho ya uchovu, ambaye hakunishangaa hata kidogo. Alisema mimi ni wa nne mwezi ule, na kwamba waliobaki nje ni wengi kuliko waliokuja. Aliniambia nisiviache kwa mkupuo mmoja, kwani mwili uliokwisha kuvizoea unaweza kuugua vibaya. Tutapunguza taratibu, yeye akisimamia, na kahawa ya jioni ife leo. Akaandika barua kwamba mpaka atakaporidhika nisitumie mashine wala kupanda mahali pa juu. Kisha akanipa simu yake nimpigie mama.

Nilisikia cherehani ikienda, halafu nikasema, halafu cherehani ikasimama. Mama yangu, pamoja na ulimi wake wote, alisema neno moja tu.

"Nakuja." Alikuja na basi la kwanza la kesho yake, akalala sakafuni chumbani kwetu wiki mbili kinyume cha sheria zote za bweni. Msimamizi wa bweni alijifanya haoni, maana alikuwa anashonewa gauni.

Lakini kabla mama hajafika, siku ile ile ya zahanati, kabla ya saa kumi jioni, Babu Raba na mimi tuliingia ofisini kwa mkuu wa idara na madaftari mawili. Mkuu alilichukua lile safi kwanza. Kwenye ukurasa wa mwisho, sahihi ya Babu Raba ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja mwembamba, na juu yake, kwa penseli ngumu, imeandikwa, "Nilisaini bila kusoma," na tarehe. Angeweza kuuchana ukurasa ule. Angeweza kusema nilighushi muhuri, na nani angeniamini mimi? Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na ulikuwa unakaribia kwisha.

Mkuu wa idara alimuuliza kama anajua maana ya alichoandika. Akasema anajua. Kisha nikaulizwa mimi, nikasema, kuanzia kidonge cha kwanza mpaka shubiri ya ukingoni. Mkuu aliandika barua mbili. Mimi, kwa sababu daftari la kweli lilifika kabla ya saa kumi, sikufukuzwa. Kikundi kirudie mstari wakati wa likizo, na nisipewe alama zaidi ya ile ya chini ya kufaulu. Babu Raba alipata barua ya onyo, ikaingia kwenye faili lake.

Nje ya ofisi nilimwambia, "Babu, umejiumiza kwa ajili yangu."

"Nilikosea, nikakata," akasema. "Usijipe ukubwa."

Wenzangu niliwaambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilidhani watanipiga. Wote wawili walipoteza likizo yao. Mlingoti alilia, akasema alijua na akaogopa mdomo wangu. Kweli mdomo wangu unaogopesha, na nimemwomba msamaha kwa hilo mara nyingi kuliko kwa jambo lolote jingine. Mwangwi alikaa akikuna goti.

"Uliposema mbili, nilikuwa naona haiwezekani," akasema hatimaye. "Kwa macho tu nilikuwa naona. Nikaandika." Tangu siku hiyo ukimtajia namba anakuuliza kama una uhakika, na ukisema ndiyo anakuuliza tena. Anachosha. Mungu ambariki.

Mstari ule, niseme kabisa, ulikuja kufunga kwa milimita tano, tukahitimu wote watatu, na Babu Raba aliongezewa mkataba. Lakini siku ninayoibeba moyoni ilikuwa kabla ya hapo.

Likizo chuo kilikuwa kitupu. Mwangwi alisoma mashine, Mlingoti aliandika, mimi nilishika mti, na ndege wa kilimani walituzoea. Kila asubuhi nilipofika dirishani Babu Raba alinisalimia, "Umelalaje, mjukuu wangu?" Nami nilijibu kama kila mtu anavyojibu, "Salama, babu." Ananipa mti, ananipa kofia, basi. Mashine anampa Mwangwi. Wiki ikapita, ya pili, ya tatu. Salama yangu ilikuwa uongo mtupu. Daktari alikuwa anapunguza, na usiku ulinigeuza kitandani mpaka shuka likawa kamba. Kuna asubuhi nilikwenda zahanati kumwambia nimeshindwa. Akanisikiliza, akanipimia shinikizo la damu, akaniambia sijashindwa, nirudi kesho.

Siku moja akaniambia imetosha. Sikuwa nimemeza kitu siku tisa. Akanipa barua mpya, nikaenda nayo dirishani nikiwa nimeikunja vizuri. Babu Raba aliipokea, akaiweka chini ya ndoo ya raba bila kuifungua.

"Umelalaje, mjukuu wangu?"

Nilikuwa nimeshaanza kusema salama. Sijui kilichonizuia. Labda ni vile alivyoweka kidevu kwenye kiganja, mtu asiye na haraka.

"Vibaya, babu," nikasema. "Nilipanda kitandani saa nne. Nikageuka, nikageuka. Saa sita nilisikia mlinzi akipiga filimbi getini. Nikasinzia, nikaota mama anashona hema kubwa na uzi unaisha. Saa nane na nusu nikaamka na kiu, nikanywa maji kwenye kikombe cha buluu, kina ufa hapa, nikamwaga kidogo kifuani. Mlingoti akasema usingizini, hamsini na nne. Nikacheka peke yangu. Nikakaa macho mpaka saa kumi nikifikiria kama nitapata kazi. Halafu nikalala tena, nikaamka saa kumi na mbili kasoro kumi na ndege wa kwanza. Jumla labda saa nne, haifiki tano."

Nilipokuwa nasema, kitu kilianza kunipanda kifuani, na nilipomaliza nilikijua. Usiku wangu ulikuwa mbovu, lakini nilikuwa nao wote, kuanzia mlinzi wa getini mpaka ndege, na haukuwa na mahali hata pamoja palipokosekana. Nilimshukuru Mungu kwa kiu ya saa nane na nusu.

Babu Raba alisikiliza mpaka mwisho. Akainuka, akaenda kwenye rafu, akarudi na sanduku la njano la mashine, akaliweka dirishani mbele yangu kwa mikono miwili. Akafungua kitabu cha kuazimia.

"Tia sahihi," akasema.

Nikatia sahihi, nikaandika tarehe na saa. Kisha nikamwambia ahsante, neno ambalo tangu tupande kilima nilikuwa sijamwambia hata mara moja. Nyuma yangu walikuwa Mwangwi na Mlingoti tu, chuo kizima hakikuwa na mtu mwingine. Babu Raba akavuta miwani, akaniambia nisogee, nazuia foleni.